Je, Wajua? Kutoka Kibarua hadi Ikulu: Vyama vya Wafanyakazi na Siasa Zetu

Kila tarehe 1 Mei viwanja hujaa. Walimu, wauguzi, mafundi wa reli na watu wa bandari hupita mbele ya jukwaa wakiwa wamevaa fulana na kofia za vyama vyao, mabango juu, matarumbeta mbele. Tanzania tunaiita Mei Mosi. Majirani zetu wa Kenya wanaiita Leba Dei. Hotuba hudumu saa nzima au zaidi, lakini kila aliyesimama juani anasubiri neno moja tu: nyongeza.

Nyuma ya neno hilo kuna historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Ina makuli na makarani, majaji na mawaziri, mwigizaji wa sinema na mchapaji aliyekaa kizuizini miaka 11. Ina pia swali ambalo bado halijapata jibu: vyama hivi vilivyosaidia kuleta uhuru vina nguvu gani leo katika siasa, na kesho vitakuwa na nguvu gani? Tuanze na neno lenyewe.

1. Je, wajua kwamba "kibarua" ni barua ndogo?

Ki-barua, yaani kikaratasi. Zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi au kadi ya kuonyesha kwamba siku hiyo amefanya kazi na anastahili kulipwa. Polepole jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika, na likabaki hapo.

Linganisha na "mshahara". Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna mwezi, "shahr". Mwenye mshahara anajua atakula nini tarehe 20. Kibarua anajua ya leo, ya kesho anamwachia Mungu. Ukitaka kuelewa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki vilipigania nini tangu mwanzo, anza na umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili.

2. Je, wajua kwamba mwezi wa manamba ulikuwa na siku 42?

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mfanyakazi, aliyeitwa manamba, alipewa kadi iliyoitwa kipande, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Alilipwa baada ya kutimiza siku 30 za kazi, na alitakiwa azitimize ndani ya siku 42. Kule Kenya, tangu miaka ya 1920, kipande kilikuwa kitambulisho cha lazima kwa mwanamume Mwafrika. Wengi walikitia ndani ya kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuajiri na ya kuachisha kazi. Mtu aliyetoroka shamba la mlowezi alitafutwa kwa kipande hicho hicho.

3. Je, wajua kwamba chama kikubwa cha wafanyakazi wa Mombasa kilizaliwa ndani ya mgomo?

Tujivute hadi geti la bandari ya Kilindini, alfajiri, miaka ya 1940. Watu wamejaa, wengine wamelala hapo hapo. Serahangi, msimamizi wa makuli, anatoka na kuchagua: wewe, wewe, na wewe kule nyuma. Waliochaguliwa wanaingia kubeba magunia. Waliobaki wanarudi mtaani Majengo mikono mitupu, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Bei ya chakula imepanda tangu vita, na ujira haujaifuata.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Hawakugoma makuli peke yao. Waliungana na watu wa reli, wahudumu wa hoteli, wapishi na maboi wa nyumbani, jumla yapata watu 15,000, na mgomo ukadumu karibu wiki mbili. Chama chao kiliundwa mgomo ukiwa tayari umeanza, kikaja kujulikana kama African Workers' Federation, na kiongozi wake akawa kijana Chege Kibachia. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia na kumpeleka kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari na watu wake.

Baraza lililoteuliwa kuchunguza malipo likaongozwa na Jaji Thacker, na uamuzi wake uliwaongezea wafanyakazi ujira. Kama jina hilo unalikumbuka, hukukosea. Ni Ransley Thacker yule yule aliyeketi Kapenguria kuanzia mwaka 1952 kuwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano. Na kati ya hao sita, wawili, Fred Kubai na Bildad Kaggia, walikuwa watu wa vyama vya wafanyakazi.

4. Je, wajua kwamba mgomo ulisafiri kwa reli?

Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na habari ikapanda treni. Mgomo ukafuata Reli ya Kati kupitia Morogoro na Dodoma hadi Tabora. Wakati huo hapakuwa na redio ya kuwaunganisha wafanyakazi hao. Walikuwa na njia ya chuma, na lugha moja ya kusemea pamoja, Kiswahili.

Mwaka uliofuata, 1948, zamu ikawa ya Zanzibar. Mgomo ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini ukageuka mgomo mkuu wa mji. Shafi Adam Shafi aliutia ndani ya riwaya yake *Kuli*, iliyochapishwa 1979, na ndiyo maana Waswahili wengi waliujua mgomo huo kwa njia ya fasihi kabla ya kuusoma katika historia.

5. Je, wajua kwamba Lubumbashi ilikuwa na mgomo uliozimwa kwa risasi?

Desemba 1941, wakati mji huo wenye wasemaji wengi wa Kiswahili ukiitwa Elisabethville, wachimbaji weusi wa kampuni ya Union Minière waligoma kudai ujira. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi, na makumi ya watu wakafa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyo. Wakati huo sheria haikumruhusu mfanyakazi mweusi wa Kongo kuwa na chama.

6. Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kudai uhuru kamili hadharani Nairobi alikuwa Kalasinga?

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuchapa, na kazi hiyo ndiyo iliyomfunza maisha ya wafanyakazi. Mwaka 1935 alikigeuza chama cha mafundi wa Kihindi kuwa chama cha wafanyakazi wa rangi zote. Miaka miwili baadaye chama hicho kilifanya mgomo wa Nairobi uliodumu siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza ujira.

Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Union Congress. Kubai akawa rais, Singh akawa katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Singh alisimama na kutaka mkutano upitishe azimio la uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hazikupita wiki nne akakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma kudai yeye na Kubai waachiwe, lakini Singh alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Miaka 11 na ushei, bila kuukana msimamo wake.

Alikufa 1973 bila cheo serikalini. Anayepita Nairobi leo ataona barabara nyingi zenye majina ya mashujaa, na ni wachache watakaomtajia jina lake.

7. Je, wajua kwamba Tom Mboya alianzia kwenye maziwa?

Alizaliwa 1930 katika shamba la mkonge la Kilimambogo, ambako baba yake aliajiriwa. Akasomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na manispaa ya Nairobi. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima sampuli za maziwa. Mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu humo. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, hakuisahau siku hiyo hadi alipoandika kumbukumbu zake.

Mwaka 1953, hali ya hatari ikiwa imetangazwa na vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi Kenya akiwa na miaka 23. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kuwa mdomo wa Mwafrika. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa walipogoma tena, Mboya alishuka pwani, akazungumza na wafanyakazi, akaketi na waajiri, na watu wakarudi kazini. Uamuzi uliofuata ukawapa nyongeza ya karibu theluthi moja ya ujira. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

8. Je, wajua kwamba Waziri Mkuu wa pili wa Tanganyika alikuwa mwigizaji wa sinema na kiongozi wa wafanyakazi?

Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza katika *Muhogo Mchungu*, moja ya filamu za mwanzo za Kiswahili, miaka ya 1950. Wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali, na waraka wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi kujiunga na vyama vya siasa. Mlango uliobaki wazi ulikuwa chama cha wafanyakazi. Kawawa akapitia huo. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955 akawa katibu mkuu wake wa kwanza. Mboya alivuka mpaka kuja kuwasaidia.

Kuanzia hapo TFL na chama cha siasa cha TANU vikatembea pamoja kama chanda na pete. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogombana na mwajiri wao mwaka 1958, TANU iliwataka watu wasusie bia. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili akaimarishe chama, aliyeachiwa nchi ni Kawawa.

Hapa historia inageuka. Ni katika mwaka huo huo, chini ya serikali iliyoongozwa na katibu mkuu wa zamani wa wafanyakazi, ndipo sheria iliyobana sana haki ya kugoma ilipopitishwa. Waziri wa Kazi alikuwa Michael Kamaliza, aliyetoka kuwa rais wa TFL. Wenzao wengine walikataa njia hiyo. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Baadaye aliwekwa kizuizini.

9. Je, wajua kwamba uhuru uliopiganiwa na vyama ndio uliovimeza?

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Serikali ikaamini baadhi ya viongozi wa wafanyakazi walikuwa wakizungumza na waasi, na watu wa vyama wapatao 200 wakakamatwa. Mwezi uliofuata TFL ikavunjwa kwa sheria na mahali pake pakawekwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Kamaliza, aliyeendelea pia kuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akavaa kofia ya serikali na ya mfanyakazi kwa pamoja, na mfanyakazi akabaki akijiuliza amshitaki nani kwa nani.

Kenya ilifuata mwaka mmoja baadaye. Mwaka 1965 mashirikisho mawili yaliyokuwa yakigombana, hadi kuuana Mombasa, yalivunjwa na shirikisho moja, COTU, likaundwa. Sheria ilisema wanachama wapendekeze majina matatu ya katibu mkuu, kisha Rais wa nchi achague moja. Mwaka 1989 COTU ikajiunga rasmi na KANU, chama kilichotawala wakati huo.

NUTA ikawa JUWATA, jumuiya ya CCM, kisha OTTU mwaka 1991, kisha TFTU, na tangu 2001 ni TUCTA. Majina yalibadilika mara nne. Kila mara swali lilikuwa hilo hilo: chama hiki ni cha nani?

10. Je, wajua kwamba wafanyakazi wa Dar es Salaam waliwahi kuendesha kiwanda wenyewe?

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno na ubabe. Wafanyakazi waliusoma na kuuamini. Wakaanza kuwafungia nje mameneja waliowatukana, madai yao yakiwa heshima kabla ya fedha. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, walimweka nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha. Chama chao rasmi hakikuongoza hata moja ya migomo hiyo. Serikali iliivumilia kwa muda, kisha ikaizima.

11. Je, wajua ni viongozi gani wa nchi za Afrika waliotokea kwenye vyama vya wafanyakazi?

Sékou Touré wa Guinea alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi wa posta. Frederick Chiluba aliongoza shirikisho la wafanyakazi la Zambia, akamshinda Kenneth Kaunda katika uchaguzi wa 1991. Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini alianzisha chama cha wachimba madini mwaka 1982. Morgan Tsvangirai wa Zimbabwe alitoka kwenye ukatibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, akaunda chama cha siasa mwaka 1999, na akafika hadi uwaziri mkuu.

Tazama vizuri orodha hiyo. Wote walipanda, lakini ngazi waliyopandia haikuachwa na nguvu sawa. Touré alivifunga mdomo vyama vilivyomlea, na Chiluba alibinafsisha migodi huku maelfu ya wachimbaji wakipoteza kazi.

12. Je, wajua kwamba Uganda ina wabunge watano wa wafanyakazi?

Katiba ya 1995 inatoa viti maalumu kwa makundi, na wafanyakazi wametengewa vitano, vinavyojazwa na wajumbe wa vyama vyao. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inataja wafanyakazi, pamoja na vijana na watu wenye ulemavu, miongoni mwa makundi yanayowakilishwa na wabunge 12 wa kuteuliwa. Tofauti ni kubwa: Kenya wanaowateua ni vyama vya siasa. Mbunge wa aina hiyo akijikuta kati ya mswada wa serikali na mshahara wa wenzake, anajua nani aliyemwandika kwenye orodha.

13. Je, wajua kwamba watu 20 wanatosha kuunda chama?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema wafanyakazi 20 wanaweza kuunda chama chao, na vyama vitano vinaweza kuunda shirikisho. Kuanzisha si kazi. Kugoma ndiko kuna milima. Mgogoro upelekwe kwanza kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zipite siku 30 za usuluhishi, wanachama wapige kura na wengi wakubali, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Na kama kazi yako ni maji, umeme, afya, zimamoto au kuongoza ndege, mlango wa mgomo umefungwa isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa kuwa huduma yako inahesabiwa kuwa ya lazima.

14. Je, wajua kwamba Rais aliwahi kusema yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi?

Mwaka 2010 TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 5 Mei, ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Tarehe 3 Mei Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo huo, na kama kura zao zinategemea hilo, yuko tayari kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Mwezi Oktoba alishinda uchaguzi, lakini kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 alishuka hadi takriban 62. Sababu za kushuka huko zilikuwa nyingi. Hata hivyo, kwa siku chache za mwezi ule, nchi nzima ilikuwa ikijadili mshahara wa mtu wa chini kabisa.

15. Je, wajua kwamba mgomo mmoja wa madaktari ulidumu siku 100?

Ni wa Kenya, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Madaktari walidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013. Viongozi saba wa chama chao walifungwa mwezi Februari kwa kukaidi amri ya mahakama ya kusitisha mgomo, na mahakama ya rufaa ikawaachia baada ya siku mbili. Ulikuwa mgomo wa maumivu pande zote: wagonjwa maskini ndio waliokosa pa kwenda. Uliacha somo lisilopendeza kwamba sahihi ya serikali nayo inahitaji kupiganiwa.

Chama cha walimu cha KNUT, kilichoundwa 1957, kilipata kipigo cha aina nyingine. Katikati ya mwaka 2019 kilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000 waliokatwa ada kwenye mishahara yao. Mzozo wa nyongeza ukazuka kati yake na mwajiri, wanachama wake wakakosa nyongeza waliyopata wenzao, na katika muda wa miaka miwili waliobaki walikuwa chini ya 30,000. Hakikufungiwa na askari wala mahakama. Kilikaushwa kupitia hati ya mshahara.

Chukua hati hiyo uitazame kwa karibu. Hapa Tanzania mwalimu mwanachama wa Chama cha Walimu, CWT, hukatwa asilimia 2. Ni mstari mmoja mdogo, chini ya kodi na bima, lakini ndiyo kamba pekee inayomfunga mwanachama na kiongozi wake. Kamba hiyo inashikwa na mwajiri, kwa sababu ndiye anayekata na kupeleka.

16. Je, wajua kwamba maandamano makubwa ya Kenya ya 2024 hayakuitishwa na chama chochote cha wafanyakazi?

Vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliitana kwa simu. Kati yao walikuwamo wenye shahada wasio na ajira, ambao hawakuwa na mwajiri wa kuwakata ada wala chama cha kuwaita. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akaukataa mswada. Jambo ambalo zamani lingehitaji mgomo mkuu lilifanywa na watu wasio na kadi ya chama. Kiongozi wa wafanyakazi asiyelala akiliwaza hilo ana haki ya kukosa usingizi.

17. Je, wajua kwamba nyongeza na mkataba ni vitu viwili?

Tarehe 1 Mei 2025, Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Uwanja ulilipuka kwa shangwe, na haki yao walikuwa nayo. Lakini nyongeza inayotangazwa jukwaani hutegemea aliyeshika kipaza sauti, na mwaka mwingine anaweza asiitangaze. Mkataba wa hali bora, ule ambao chama na mwajiri huujadili kifungu kwa kifungu na kuutia saini, unaweza kudaiwa mahakamani. Siku ya Mei Mosi, hesabu mabango yanayoomba nyongeza na yale yanayodai mkataba. Utajua hali ya vyama vyetu.

18. Je, wajua kwamba kibarua amerudi?

Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha kwamba zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya kila 10 walio nje ya kilimo kidogo wako katika sekta isiyo rasmi. Hapa Tanzania nako, tazama tu barabarani. Hakuna hati ya mshahara wala mstari wa asilimia 2. Hapo ndipo mustakabali wa kisiasa wa vyama utakapoamuliwa, na dalili zimeanza kuonekana.

Mei Mosi ya 2023, jijini Nairobi, zaidi ya watu 150 walipiga kura kuunda chama cha wanaochuja picha na maandishi ya kutisha kwa ajili ya mitandao kama Facebook na TikTok. CHODAWU ya Tanzania na KUDHEIHA ya Kenya huandikisha wafanyakazi wa majumbani, mtu mmoja mmoja, nyuma ya mageti. Madereva wa teksi za mtandaoni Dar es Salaam walidai kamisheni ipunguzwe. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ikaweka ukomo wa asilimia 15, kampuni ya Uber ikasimamisha huduma, ukomo ukapandishwa hadi 25, na Januari 2023 kampuni ikarudi. Jioni moja dereva aligundua kwamba kipato chake kinaamuliwa na siasa, apende asipende.

Nenda sasa kwenye kijiwe cha bodaboda, saa kumi jioni, karibu na kituo chochote cha daladala. Vijana kumi na wawili, vizibao vyenye namba mgongoni, pikipiki zimepangwa kwa foleni ya zamu. Karibu wote wanamalizia hesabu ya bosi ya siku, na mwenye mkataba anahesabu miezi iliyobaki ili pikipiki iwe yake. Wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina ana daftari la mistari, jalada limechakaa kwa jasho na vumbi. Ukurasa mmoja ni wa rambirambi, mwingine wa aliyevunjika mguu mwezi uliopita, mwingine wa faini za waliovuka foleni. Kila jina lina kiasi na sahihi.

Wanasiasa wanakijua kijiwe hicho. Wakati wa kampeni huja na mafuta na fulana, na pikipiki hufuata msafara. Uchaguzi ukiisha, daftari linabaki na yale yale majina kumi na mawili. Ni nadra chama cha wafanyakazi kulifungua na kuwaambia kwamba hicho walicho nacho ndicho chama, na kwamba wakiungana na kijiwe cha jirani wanavuka idadi ya 20 ambayo sheria inaitaka.

Nguvu ya kisiasa ya wafanyakazi haikuwahi kuanzia karibu na Ikulu. Kila mara vyama vilipoisogelea sana, vilirudi vikiwa vyembamba. Nguvu hiyo ilianzia pale mtu wa kutwa alipomtambua mwenzake wa kutwa na kumwandika jina. Wale wa Kilindini, asubuhi ya tarehe 13 Januari 1947, hawakuwa na mwenyekiti, katibu wala daftari. Vijana wa kijiweni tayari wanavyo vyote vitatu.